Utangulizi: Matokeo Yanapogeuka Kuwa Chanzo

Ukiuliza kwa nini watu huhama nchi zao, utajibiwa upesi: umaskini na vita. Jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 281 hivi waliishi nje ya nchi zao za asili, yaani chini ya wanne katika kila mia. Maskini walio wengi hawajavuka mpaka wowote. Kwa hiyo somo hili huuliza pia nani alibaki, na aliyeondoka alimfuata nani.

Mwaka 1885 Ernst Georg Ravenstein, Mjerumani aliyehamia London, alichambua sensa za Uingereza akaandika kwamba kila mkondo wa wahamaji huzaa mkondo wa kurudi. Mahali pazuri pa kuipima kauli hiyo ni kati ya Unguja na Omani.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Seyyid Said, mtawala wa Omani, alihamishia makao yake Unguja, na Waarabu wa Omani wakajipatia mashamba ya mikarafuu. Karafuu zilitaka wachumaji, na wachumaji wakaletwa kwa nguvu kutoka bara, wengine kutoka pande za Ziwa Nyasa. Hiari ya wachache ikazaa uhamisho wa maelfu ambao hakuna aliyewauliza. Ndiyo maana sikubali kuwatenga watumwa na historia ya uhamaji, kama vitabu vingi vinavyofanya.

Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, yaliyowafanya Waarabu wengi kukimbia, yaligeuza mkondo. Sultan Qaboos aliposhika utawala wa Omani mwaka 1970, aliwaita nyumbani Waomani waliotawanyika. Wengi waliotoka Unguja walikuwa wazaliwa wa huko, Omani wakiijua kwa kusimuliwa tu. Walifika na elimu ya shule, Kiingereza na Kiswahili, wakati nchi ilikuwa imeanza kuuza mafuta huku shule zikiwa chache mno. Wakapata kazi maofisini, na Kiswahili kinasikika Maskati hadi leo.

Sasa wanakwenda Omani mabinti wa Tanzania na Kenya, kufanya kazi za ndani. Ravenstein aliwaona wanawake wakihama sana, lakini karibu na kwao. Hawa wanavuka bahari. Wakala hushughulikia pasipoti na tiketi. Viza hufungwa kwa mwajiri, kafili, na anayetoroka mateso hujikuta hana kibali. Anayebahatika kulipwa hutuma fedha kwa simu: ada ya mdogo wake, bati za nyumba ya mama. Mtoto wake mwenyewe analelewa na bibi. Jirani akiziona bati zile, huomba namba ya wakala yuleyule. Hapo matokeo ya safari moja yamekuwa chanzo cha nyingine, na nadharia inayopima mishahara peke yake haitaliona jambo hilo.

Sura ya kwanza, basi, inaanza na wakala: nani humlipa, humpata wapi msafiri, na ni nani anayemwajibisha wakala huyo pale msafiri anapopiga simu usiku akilia.