Keja Yako Haina Hewa? Soma Hii Kabla Hujanunua Maua Wala Mashine

Ukipanga bedsita Pipeline, Githurai ama Zimmerman, hesabu ni rahisi: kitanda, meko, kabati, nguo zenye hazijakauka na wewe mwenyewe, wote mnagawana hewa moja. Chapati ikiungua saa moja jioni, saa tano usiku blanketi bado inanuka chapati. Asubuhi unaamka kichwa kizito unasema ni ile ya jana. Inaweza kuwa ni ile ya jana, sikatai. Lakini pia inaweza kuwa ni keja.

Hii si mambo ya watu wa Runda na mashine zao. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Hapo hawahesabu moshi wa viwanda wala wa matatu. Ni moshi wa kupikia chakula.

Poa ni kwamba kitu inasafisha hewa ya keja vizuri zaidi haiuzwi dukani. Hewa ya nje iingie, ya ndani itoke. Shida huwa kwa hiyo kutoka. Ukifungua dirisha moja na mlango umefungwa, hewa inasimama tu kama gari kwa jam ya Mombasa Road. Fungua mlango na dirisha pamoja, dakika 10 hadi 15, angalau asubuhi na jioni, na kila wakati unapika. Kama uko na feni, iweke kwa dirisha ikiangalia nje isukume ile hewa mbaya itoke.

Alafu angalia juu ya dirisha. Kuna yale matundu fundi aliacha, na kuna uwezekano mkubwa wewe ama mpangaji wa kabla yako aliyaziba na gazeti juu ya baridi na mbu. Hewa moto hupanda juu, so hayo matundu ndiyo mlango wa mvuke na moshi. Toa gazeti, bandika kipande cha neti ya mbu. Ukitaka kujua kama yanafanya kazi, shikilia kipande cha tishu hapo karibu. Ikicheza, hewa inatembea. Ikilala, panda kiti utoe vumbi na nyumba za buibui.

Kama unakaa kando ya Jogoo Road ama Outering, usifungue saa ya jam, ngoja magari yapungue. Na kama jirani anachoma takataka, ama uko upande wa Dandora na upepo unakuja kwako, funga kwanza. Hakuna haja ya kuingiza moshi wa plastiki ukidhani unapata hewa safi.

Sasa tuongee jiko, kwa sababu hapa ndipo kuna noma.

Julai unaijua. Baridi inaingia hadi kwa mfupa, gesi imeisha tarehe 22, mshahara bado uko mbali. Unawasha jiko la makaa pale nje, moshi unaisha, makaa yanakuwa mekundu fiti, unaliingiza ndani uchemshe madondo na keja ipate joto kiasi. Unafunga dirisha. Unalala.

Hivyo ndivyo watu hudedi. Makaa yakiwaka hutoa gesi inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikukohozeshi. Ukiivuta, inashika hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, na inaishika kwa nguvu ya zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Ni kama matatu imejazwa mizigo kwa kila kiti, abiria wakabaki steji. Damu inazunguka, moyo unapiga, lakini ubongo haupati kitu.

Kitu wasee wengi hawaelewi ni kwamba moshi kuisha haimaanishi gesi imeisha. Makaa mekundu bado yanaitoa. Jiko lenye udongo ndani, lile la kuokoa makaa, pia linaitoa. Kuna mtu atakuambia uweke beseni ya maji ama kitunguu kando ya jiko zifyonze sumu. Hizo ni story za jaba. Na kuacha dirisha wazi kidogo si leseni ya kulala na jiko ndani.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutaka kutapika, miguu kukosa nguvu na usingizi wa ajabu. Mkiwa wengi kwa nyumba na vichwa vinauma wote pamoja, halafu mkitoka nje mnaskia nafuu, tokeni na mkae nje. Mwenye amelala ama amelewa hata hataskia hizo dalili, ndiyo maana usiku ni mbaya zaidi.

Ukimpata mtu amezima kwa chumba chenye jiko, usikae hapo kumwamsha. Fungua mlango, mvute nje, ita majirani, mkimbizeni hosi. Mwambie daktari wazi kwamba kulikuwa na jiko, kwa sababu anahitaji oksijeni haraka. Maziwa achana nayo. Hayatoi hiyo gesi kwa damu, na mtu amepoteza fahamu anaweza kunyongwa na hiyo maziwa.

Kama makaa ndiyo unaweza afford, pika kwa korido ya wazi, kwa roshani ama juu ya paa, na jiko libaki huko hadi liwe majivu baridi. Madondo na githeri loweka usiku kucha, zitaiva mapema na makaa yatapungua. Funika sufuria. Usiwashe jiko na chupa za plastiki, tumia karatasi na vijiti vikavu. Joto la usiku litoke kwa blanketi ya pili na chupa ya maji moto, hata kama mbogi itakucheka kwamba umekuwa shosho.

Meko ya gesi ni safi kuliko makaa kwa mbali, lakini ukikaanga bado fungua dirisha. Na ukiskia ile harufu ya gesi kuvuja, kumbuka ni nzito kuliko hewa, inakaa chini sakafuni. Usiguse swichi, usiwashe kiberiti. Funga mtungi, fungua mlango, toka.

Kitu kingine ni ile koili ya mbu inazunguka kama konokono. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003 ulipata kwamba koili moja ikiungua yote inaweza kutoa chembechembe ndogo za moshi sawa na za sigara 75 hadi 137. Pakiti karibu nne hadi saba, na wewe umelala hapo na mtoi ukijiambia hauvuti fegi. Neti inashinda. Udi, ubani na mishumaa ya harufu pia ni moshi. Zinafunika harufu mbaya, hazitoi uchafu.

Na maua? Ile story kwamba mmea kwa kona unasafisha hewa ilianza na utafiti wa NASA wa 1989, lakini mimea ilikuwa imefungiwa ndani ya masanduku yasiyopitisha hewa. Mwaka wa 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walirudia hesabu wakapata kwamba ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja mraba ya sakafu ili ushindane na hewa inayobadilika kawaida kwa nyumba. Kwa bedsita utalala wapi? Nunua ua kama unalipenda, linapendeza kwa picha. Kazi ya dirisha haliwezi.

Vumbi nayo, pangusa na kitambaa chenye maji badala ya kufagia kavu na kulirusha hewani. Anika mito na godoro juani. Nguo zikauke kwa kamba ya juu, kwa sababu maji yakitoka kwa nguo yanaenda kwa ukuta, na huko ndiko ile kuvu nyeusi huanzia. Ukiisugua na Jik, usichanganye na dawa ya choo yenye asidi. Hizo mbili pamoja hutoa gesi ya klorini, ya kuchoma mapafu. Kuvu ikirudi baada ya wiki mbili mahali pale pale, hapo kuna paipu inavuja ama paa. Piga picha, tumia mwenye ploti kabla ya tarehe ya rent, wakati bado anashika simu zako.