Masafa ya Majeshi na Mipaka ya Nchi

Masafa ya redio, yaani idadi ya mara ambazo wimbi hutikisika katika sekunde moja, hupimwa kwa hezi, na megahezi moja ni mitikisiko milioni moja kwa sekunde. Kila chombo kinachowasiliana bila waya, kuanzia simu ya mkononi hadi rada ya uwanja wa ndege, hutumia sehemu fulani ya masafa hayo, na vyombo viwili vinapotumia sehemu ileile, katika eneo lilelile na wakati uleule, kimoja humeza sauti ya kingine au vyote viwili hukosa kusikika. Hali hiyo, ambayo wataalamu huiita mwingiliano, hutatuliwa kwa urahisi kiasi ndani ya nchi moja, kwa kuwa nchi huwa na mamlaka yake ya kugawa masafa. Lakini huwa ngumu nchi zinapopakana, na huwa ngumu zaidi watumiaji wanapokuwa majeshi, ambayo kwa sababu zinazoeleweka hayapendi kumweleza jirani kwamba yanazungumza wapi, lini na kwa nguvu kiasi gani.

Wilaya ya Makete katika Mkoa wa Njombe, ambayo makao yake makuu yako Iwawa, inafaa sana kwa kulieleza jambo hili, si kwa sababu kuna vita huko, bali kwa sababu ya umbo la nchi yenyewe. Uwanda wa Kitulo una kimo cha takriban meta 2,600 kutoka usawa wa bahari, ilhali uso wa Ziwa Nyasa, ulio kusini ya hapo, uko chini ya meta 500. Mawimbi ya masafa ya juu, yale ya megahezi 30 na kuendelea, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, hivyo umbali yanaofika hutegemea zaidi kimo cha antena kuliko nguvu ya redio. Kanuni ya kukadiria umbali huo ni nyepesi: huchukuliwa kipeuo cha pili cha kimo kwa meta na kuzidishwa kwa 4.12, na jibu huwa kilometa. Mnara wa meta 30 uliosimamishwa kwenye tambarare utafika kilometa 23 hivi. Antena ileile ikiwekwa juu ya ukingo ulio meta 2,000 juu ya uso wa ziwa itafika zaidi ya kilometa 180, wakati ziwa lenyewe, hata pale lilipo pana kabisa, halizidi sana kilometa 75. Kwa hiyo redio iliyokusudiwa kuwahudumia watu wa upande mmoja wa ziwa inaweza, bila nia mbaya ya mtu yeyote, kusikika vizuri Malawi, kama ambavyo simu ya mtu aliyeko ufukweni huweza kunasa mtandao wa ng'ambo.

Milima hiyohiyo, hata hivyo, hufanya pia kazi iliyo kinyume. Safu ya Livingstone, inayosimama kati ya nyanda za Makete na ziwa, hukinga mawimbi ya masafa ya juu yasipenye, na ndiyo maana mji ulio bondeni unaweza kuwa kimya huku kilele kilicho jirani kikisikia nchi tatu. Majeshi hukabili tatizo la milima kwa kutumia masafa mafupi, yale ya megahezi 3 hadi 30, ambayo yakielekezwa juu hurudishwa ardhini na tabaka la anga lenye chembe za umeme, nayo hutua mamia ya kilometa kutoka yalikotoka yakiwa yameruka vilele vyote. Tabaka hilo hubadilika kati ya mchana na usiku, hivyo kituo kimoja huhitaji masafa ya juu kidogo mchana na ya chini zaidi usiku. Na kwa kuwa wimbi linaloshuka kutoka angani halichagui litue nchi gani, hakuna taifa la Afrika Mashariki linaloweza kudai kwamba masafa yake mafupi ni siri yake peke yake.

Historia ya Ziwa Nyasa inaonyesha jinsi mambo yalivyokuwa kabla ya anga kujaa. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Uingereza, HMS Astraea, iliushambulia mnara wa redio wa Wajerumani mjini Dar es Salaam, kwa sababu Waingereza walitambua mapema kwamba mnara huo ulikuwa na uzito sawa na kikosi kizima. Siku tano baadaye, katika bandari ya Sphinxhafen, ambayo leo ni Liuli katika Mkoa wa Ruvuma, meli ya Waingereza Guendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa ufukweni kwa matengenezo, na nahodha wake hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Wakati ule shida ya ziwa ilikuwa ukimya. Leo ni kelele.

Sheria inayotawala kelele hizo hutoka Geneva, kwenye makao ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, unaojulikana kwa kifupi ITU, ulioanzishwa mwaka 1865 kwa ajili ya simu za maandishi na ambao sasa husimamia Kanuni za Redio, mkataba unaoeleza kila bendi, yaani kila fungu la masafa, litumike kwa huduma gani. Ulimwengu umegawanywa katika kanda tatu, na Afrika yote imo Kanda ya Kwanza pamoja na Ulaya na sehemu kubwa ya Mashariki ya Kati. Jambo lisilofahamika na wengi ni kwamba katiba ya umoja huo, katika ibara ya 48, inaziachia nchi wanachama uhuru kamili kuhusu mitambo ya redio ya kijeshi. Mara baada ya kutoa uhuru huo, ibara inauwekea masharti: mitambo hiyo, kadiri inavyowezekana, ifuate taratibu za kusaidia walio katika dhiki, izuie mwingiliano wenye madhara, na izingatie kanuni za masafa kulingana na huduma inayotoa, na pale mitambo ya kijeshi inapotoa huduma za kiraia, izifuate kanuni kwa jumla kama mitambo mingine.

Maneno “kadiri inavyowezekana” yamebeba mzigo mkubwa kuliko inavyoonekana. Yanairuhusu nchi isitangaze masafa ya jeshi lake katika daftari kuu la kimataifa la masafa, lakini kituo kisichoandikishwa humo hakina msingi wa kudai kinga pindi mtambo wa nchi jirani unapokivuruga. Siri na kinga haviwezi kupatikana kwa ukamilifu kwa pamoja, na uratibu wote wa masafa ya kijeshi, kwa kweli, ni majadiliano kuhusu kiasi gani cha kimoja kitolewe ili kupata kingine.

Bendi zenyewe si siri hata kidogo. Redio za askari wa nchi kavu, zile ambazo raia huziita redio za upepo, kwa kawaida hufanya kazi kati ya megahezi 30 na 88. Mazungumzo ya ndege za kijeshi na vituo vya ardhini, katika nchi nyingi, huwa kati ya 225 na 400. Na ndege za kiraia hutumia 118 hadi 137, huku 121.5 ikitengwa kwa dharura. Matangazo ya redio ya FM huanzia megahezi 87.5, maana yake ni kwamba ncha ya juu ya bendi ya askari hugusana na ncha ya chini ya bendi ya matangazo, na kituo cha matangazo chenye nguvu kilichosimikwa mlimani kinaweza kuwasumbua askari wa nchi nyingine bila mwenye kituo kujua. Redio za kisasa za kijeshi huruka kutoka masafa fulani hadi mengine zaidi ya mara mia moja kwa sekunde ili adui asizifuate. Ufundi huo huongeza usalama, lakini humtaka mratibu atenge fungu zima la njia badala ya njia moja, na asiyepewa taarifa ataona mikwaruzo tu katika mitambo yake bila kujua inakotoka.

Mahali ambapo mambo haya yote yamekutana ni mashariki ya Kongo. Kwa azimio namba 2098 la tarehe 28 Machi 2013, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda brigedi maalumu ndani ya MONUSCO, kikosi cha Umoja huo cha kulinda amani nchini Kongo, na askari wake wakatoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kuanzia Novemba 2021 jeshi la Uganda lilikuwa likifanya operesheni pamoja na jeshi la Kongo katika Ituri na Kivu Kaskazini. Kuanzia Novemba 2022 hadi Desemba 2023 kikafuata kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki chenye askari wa Kenya, Burundi, Uganda na Sudan Kusini. Na Desemba 2023 kikaingia kikosi cha SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, kwa mara nyingine kutoka Afrika Kusini, Tanzania na Malawi, ambacho viongozi waliamua kukiondoa Machi 2025. Kwa muda mrefu, basi, mkoa mmoja, Kivu Kaskazini, ulikuwa na majeshi zaidi ya matano yenye redio za viwanda tofauti, mafunzo tofauti na lugha tofauti, na mji wa Goma, ambao ni kitovu chake, umeshikana na Gisenyi ya Rwanda kiasi kwamba minara ya simu ya nchi moja huangalia mitaa ya nchi nyingine.

Katika operesheni za Umoja wa Mataifa kuna utaratibu wa kuanzia: mkataba kati ya Umoja huo na serikali mwenyeji huruhusu kikosi kusimika vituo vya redio na vya satelaiti, kwa sharti kwamba masafa yaamuliwe kwa kushirikiana na serikali hiyo. Mwenye nchi, kwa hiyo, ndiye mwenye masafa, hata kama jeshi lake ndilo linalosaidiwa. Baada ya hapo huja kazi ya ndani ya kikosi, ambayo huanza kwa kuandaa orodha ya pamoja ya masafa yenye mipaka, na orodha hiyo, katika majeshi mengi, huwa na mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la masafa ya mwiko, ambayo hayavurugwi kwa makusudi kwa hali yoyote, mathalani yale ya dharura. Fungu la pili ni la masafa yanayolindwa kwa kuwa vikosi vya upande uleule vinayatumia kwa wakati fulani. Fungu la tatu, ambalo raia huenda likamshangaza, ni la masafa ya adui yanayoachwa yasivurugwe kwa sababu kuyasikiliza kuna faida zaidi kuliko kuyazima.

Orodha hiyo si makaratasi ya ofisini. Huko Iraq mitambo iliyofungwa kwenye magari ili kuzuia mabomu ya barabarani yasilipuliwe kwa redio iliwahi kuzima redio za askari haohao waliokuwa ndani ya magari, yaani kinga ya bomu iliwanyima sauti ya kuombea msaada. Kivu Kaskazini nako wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti mwaka 2024 kuvurugwa kwa mawimbi ya GPS, ambayo hutumiwa pia na ndege za abiria na za misaada. Na rubani wa ndege ya dawa hana namna ya kujitenga na uvurugaji ambao haukumlenga yeye.

Tanzania imo katika hali ya pekee kidogo. Ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo nchi zake zilitia saini itifaki ya ushirikiano wa ulinzi mwaka 2012, na pia ni mwanachama wa SADC, ambayo ndiyo imekuwa ikiitumia kupeleka askari Msumbiji na Kongo; haimo katika kikosi cha dharura cha Afrika Mashariki chenye makao yake Nairobi. Upande wa kiraia, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, hushiriki katika umoja wa wasimamizi wa Afrika Mashariki, EACO, na vilevile katika ule wa kusini mwa Afrika, CRASA. Anayesimama Bukoba anahusika zaidi na meza ya kwanza, kwa kuwa majirani zake ni Uganda na Rwanda. Anayesimama Makete anahusika na meza ya pili, kwa kuwa Malawi, Zambia na Msumbiji zimo SADC na hazimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nchi moja, kwa hiyo, inalazimika kuwa na daftari moja linalokubalika katika meza mbili, na pale jeshi linapohitaji fungu la masafa karibu na mpaka, ni TCRA, wala si jeshi lenyewe, inayoweza kuzungumza na msimamizi mwenzake wa ng'ambo bila kuzua hofu.

Hapo ndipo penye ufumbuzi, na haudai teknolojia ya ajabu. Nchi za Ulaya zilizo katika NATO zilikubaliana zamani kuwa bendi ya megahezi 225 hadi 400 iwe ya majeshi yao yote, kisha katika miaka ya 1990 zikatoa kipande chake, 380 hadi 385 na 390 hadi 395, kwa ajili ya polisi na zimamoto, jambo linaloonyesha kwamba jeshi linaweza kuachia masafa pale mahitaji yanapoelezwa vizuri. Afrika nayo ina kielelezo chake cha kukokotoa mwingiliano mipakani, kiitwacho HCM4A, kilichotokana na kile cha Ulaya. Kielelezo cha namna hiyo hakimtaki mtu aseme redio ni ya kikosi gani wala inatumiwa kwa kazi gani. Kinachohitajika hasa ni masafa, eneo, kimo cha antena, nguvu na muda. Jeshi linaweza hata kutaja eneo pana badala ya nukta moja kwenye ramani, na hesabu ikabaki na maana.

Wala uratibu huo hauamui mipaka. Tanzania na Malawi zimetofautiana kwa miaka mingi kuhusu mpaka katika Ziwa Nyasa, tofauti inayotokana na tafsiri ya mkataba wa mwaka 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, lakini kukubaliana kuhusu nguvu ya kituo cha redio kilichoko ukingoni mwa ziwa hakumlazimu yeyote akubali mstari wa mwenzake. Ingefaa basi wasimamizi wa masafa wa pande zote mbili za ziwa, pamoja na maofisa wa mawasiliano wa majeshi yao, waandae orodha ya pamoja ya masafa sasa wakati wa amani, kwa kuwa askari wa nchi hizo mbili wamekwisha kupelekwa pamoja Kongo zaidi ya mara moja, na orodha inayoanza kuandikwa baada ya askari kufika uwanjani imechelewa.