Je, Tovuti za Afya Ziendelee Kuhudumia Vivinjari Vilivyopitwa na Wakati?

Kivinjari ni programu inayofungua kurasa za tovuti katika kompyuta au simu; Chrome, Firefox na Opera Mini ni miongoni mwa zinazofahamika zaidi. Katika vituo vya afya vya Mkoa wa Tanga programu hiyo imekuwa chombo cha kazi kama rejista. Takwimu za MTUHA zinazojazwa vitabuni Pangani, Mkinga au Muheza huingizwa katika mfumo wa DHIS2, ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo, na mfumo huo hufunguliwa kwa kivinjari. Kila anayeandaa tovuti ya afya hana budi kuamua ni kivinjari cha zamani kiasi gani kitakachopokelewa.

Kompyuta ya Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020, bado huwaka na kuchapa vizuri. Hata hivyo, tangu mwanzoni mwa 2023 haipokei matoleo mapya ya Chrome, na mianya inayogunduliwa baadaye haizibwi. Ni kama shinikizo la juu la damu: mwenye nalo hujiona mzima. Mei 2017, kirusi cha WannaCry kiliingia hospitali za Uingereza kupitia kompyuta zisizosasishwa, na miadi 6,912 ya wagonjwa ilithibitishwa kufutwa. Mlango wa kirusi hicho haukuwa kivinjari, lakini uzembe ni ule ule.

Basi vya zamani vyote vikataliwe? Hapana, inategemea kinachopita katika ukurasa.

Tumfikirie mjamzito wa Kipumbwi, mwenye simu ya miaka kumi aliyoachiwa na kaka yake. Anachotaka ni maneno: kutokwa damu, maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, kwamba hizo ni dalili za kumfikisha kituoni bila kungoja. Maneno huweza kuonyeshwa na takribani kivinjari chochote, mradi ukurasa uandaliwe kwa maandishi kwanza na mapambo yafuate. Ubaya huanza pale maandishi yasipotokea mpaka programu nzito zipakuliwe. Simu kuukuu huishia kuonyesha ukurasa mweupe, na bando limekwisha. Kumhudumia mama huyu si gharama kubwa kama inavyodaiwa mara nyingi. Kinachohitajika zaidi ni kujizuia.

Ukurasa wenye nenosiri, majina na majibu ya vipimo ni jambo jingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kivinjari cha zamani sana hakijui njia mpya za kuficha mawasiliano, na kukipokea ni kulegeza kufuli kwa ajili ya watu wote. Hata Opera Mini, inayopendwa kwa kubana matumizi ya bando, katika hali yake ya kubana kupita kiasi hupitisha ukurasa katika seva za kampuni na kuufungua huko kabla ya kuufikisha kwenye simu. Kwa kusoma ushauri, haidhuru. Kwa majibu ya kipimo cha VVU, haifai.

Hapo mlango ufungwe, ila si kwa kushtukiza. Mhudumu anayekataliwa na mfumo mwisho wa mwezi, taarifa ikingojwa wilayani, ataazima simu ya jirani na kuandika nenosiri la kituo humo, na hatari itakuwa imezidi. Tangazo litangulie kwa miezi kadhaa, kwa Kiswahili, likieleza toleo linalotakiwa na mahali pa kupata msaada. Na halmashauri itenge fedha za vifaa, maana mhudumu hawezi kusasisha kompyuta isiyosasishika.

Onyo la kwamba muunganisho si salama likitokea, tarehe na saa ya kompyuta vitazamwe kwanza. Betri ndogo ya ndani ikifa, kompyuta hurudi miaka nyuma na kukiona cheti halali cha tovuti kuwa hakijaanza kutumika. Tarehe ikiwa sahihi na onyo likabaki, nenosiri lisiandikwe. Apigiwe simu mratibu wa MTUHA wa wilaya, na rejista ya karatasi iendelee kujazwa.