Ukuta wa Mchanga wa Ziwa Tanganyika

Asubuhi Sumbawanga huwezi kutoka bila sweta. Ukishapita Matai na kuteremka hadi Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, unalivua, kwani umeshuka karibu mita 1,000 kutoka nyanda za juu za Ufipa. Wageni wengi huishia kwenye maporomoko ya Kalambo, yanayoanguka zaidi ya mita 200, kisha hugeuza gari. Mimi huwasihi wapite Namanyere wafike Kipili, wakodi mtumbwi hadi visiwa vya Mvuna au Ulwile. Wanyama wa ajabu wa safari hii wako chini ya maji.

Mtazame samaki ambaye wanasayansi humwita Tropheus. Hafiki sentimita 15, na kutwa nzima anakwangua mwani kwenye mawe. Aina zake za rangi zilizoorodheshwa kuzunguka ziwa zinapita 100: huku mweusi mwenye mkanda wa njano, kule mwekundu. Imekuwaje, na ziwa ni moja?

Jibu ni mchanga. Samaki huyu hula mwani na kujificha kwenye mianya ya mawe. Ghuba ya mchanga haina mwani wa kukwangua wala mahali pa kumkimbia adui, basi haivuki. Mayai yake nayo hayachukuliwi na mkondo, maana jike huyaatamia mdomoni karibu mwezi mzima. Hivyo kila mwambao wa mawe umefuga ukoo wake kwa maelfu ya miaka. Zama za ukame maji yaliposhuka, koo nyingine zilikutana. Yalipopanda, zikatengana tena.

Mawe hayo yanategemea hali ya mlimani. Udongo ukiporomoka kutoka mashamba ya Ufipa, tope hufunika mwani na kuziba mianya. Ndiyo maana nayathamini sana matuta ya Wafipa, intumba, ambayo nyasi hufukiwa ndani yake zioze ziwe mbolea: yanashika udongo juu, na huku chini samaki anapata kula.

Ukifika kisiwani, waulize kwanza wavuvi kama kuna mamba. Wakikuruhusu, vaa miwani ya kuzamia, elea kimya juu ya mwamba mmoja. Mtafute jike mwenye kidevu kilichotuna. Utamwona bado anakwangua jiwe, ingawa mdomo umejaa. Mwani ule anawalisha watoto walio humo ndani.