Ng'ombe Anapogeuka "Ngómbe": Kurekebisha Kibodi ya Linux

Mzazi wa Garsen anayeitwa Ng'ang'a anaweza kuchapiwa fomu ya basari ya mwanawe ikatoka na jina "Ngángá". Kitambulisho kinasema hivi, fomu inasema vile, na kuirekebisha humgharimu mzazi siku nyingine na nauli nyingine. Mara nyingi mchapaji hulaumiwa bure. Tatizo ni mpangilio wa kibodi.

Linux huja na mipangilio mingi ya kibodi, na baadhi imetengenezewa lugha kama Kifaransa au Kihispania, ambazo irabu zake huvishwa alama juu. Katika mpangilio wa aina hiyo, ukibonyeza ritifaa hakuna kinachoonekana. Kompyuta inasubiri herufi inayofuata. Ikija "o", huunganisha viwili hivyo kuwa "ó". Kwa Mhispania huo ni msaada. Kwa anayeandika rekodi za chanjo ya mifugo kaunti hii, kila ng'ombe huharibika.

Kwa muda, bonyeza ritifaa kisha kitufe cha nafasi, ndipo uandike irabu. Lakini dawa yenyewe iko kwenye mipangilio. Katika Ubuntu, fungua "Settings", kisha "Keyboard", utazame sehemu ya "Input Sources". Ukiona jina lenye maneno "with dead keys", ongeza Kiingereza cha kawaida cha Marekani kwanza, kisha uliondoe hilo. Usiache mipangilio miwili bila sababu: kitufe chenye nembo ya Windows kikibonyezwa pamoja na kitufe cha nafasi hubadilisha mpangilio, na anayeketi baadaye hatajua kilichotokea.

Wapo wanaozihitaji alama hizo kweli, mathalani anayeandika majina ya Kikuyu au Kikamba yenye "ĩ" na "ũ". Huyo achague mpangilio wenye maneno "AltGr dead keys". Humo ritifaa hubaki ritifaa. Ili kupata "ũ", shikilia Alt ya kulia na Shift, bonyeza kitufe kilicho chini ya Esc, viachie vyote, kisha uandike "u".

Kompyuta zilizotumika kutoka ng'ambo zina vituko vyao. Ukitafuta @ kwenye kitufe cha 2 ukapata alama ya kunukuu, mpangilio ni wa Uingereza. "Kuzaliwa" ikitoka "kuyaliwa", ni wa Ujerumani. Nywila sahihi ikikataliwa, angalia kwanza mpangilio ulioandikwa kwenye skrini ya kuingilia.

LibreOffice nayo inaweza kuigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa jicho ni ile ile, lakini kompyuta inaweza kuzihesabu kuwa alama mbili tofauti, na jina lililomo kwenye orodha likakosekana linapotafutwa. Fungua "Tools", kisha "AutoCorrect Options", na katika "Localized Options" uzime ubadilishaji wa "Single Quotes".

Ukimaliza, jaribu kuandika "ng'ombe wa ng'ambo" kabla ya kumhudumia mtu yeyote. Kumbuka pia kwamba kubadilisha mpangilio hakugusi majina yaliyokwisha kuingizwa. Hayo yatafutwe kwa "á", "é", "í", "ó" na "ú", na kila moja lilinganishwe na kitambulisho cha mwenyewe kabla ya kusahihishwa.