Mlango wa Mahakama

Itafute Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 mstari kwa mstari, neno "mtumwa" hulioni. Waandishi wake walilizunguka, ingawa waliagiza watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu, na mtoro arudishwe kwa bwana wake. Kazi ya kusema waziwazi waliwaachia majaji.

Dred Scott alikuwa mtumwa wa daktari wa jeshi, John Emerson. Daktari alipohamishwa kambi, Scott alimfuata: kutoka Missouri hadi Illinois, kisha kambi ya Fort Snelling, sehemu mbili ambako utumwa ulikuwa umepigwa marufuku. Huko kaskazini akamwoa Harriet Robinson. Mwaka 1846, wakiwa St. Louis, wote wawili wakafungua kesi kudai uhuru. Hawakuwa wakibahatisha. Kwa miaka mingi mahakama za Missouri zilishikilia kwamba mtumwa aliyepelekwa na bwana wake kuishi penye uhuru harudi tena utumwani. Mwaka 1850 Scott akashinda. Mwaka 1852 mahakama ya juu ya jimbo ikamnyang'anya ushindi, ikidai nyakati zimebadilika.

Shauri likafika Mahakama ya Juu ya Marekani, Washington. (Hata jina la mdaiwa, Sanford, lilikosewa likaandikwa Sandford, na vitabu vya sheria vinalibeba hivyo mpaka leo.)

Tarehe 6 Machi 1857 Jaji Mkuu Roger Taney alisoma hukumu: majaji saba dhidi ya wawili. Alisema mtu mweusi wa asili ya Afrika, awe mtumwa au huru, si raia kwa maana ya Katiba, hivyo hawezi kumshtaki mtu wa jimbo jingine katika mahakama ya shirikisho. Basi angefunga faili. Lakini jaji aliyekwisha kusema mlango umefungwa aliingia ndani akapanga samani: Bunge, alisema, halina uwezo wa kuzuia utumwa katika maeneo mapya, kwa kuwa Katiba inalinda mali, na mtumwa ni mali.

Jaji Benjamin Curtis, mmoja wa wale wawili, hakumjibu kwa huruma, alimjibu kwa kumbukumbu. Kabla Katiba haijapitishwa, weusi huru waliotimiza masharti walikuwa na haki ya kura katika majimbo matano, North Carolina ikiwamo. Itakuwaje Katiba isiwahusu watu waliokuwa na kura ilipopitishwa? Taney hakuwa na jibu la maana. Curtis akajiuzulu mwaka huohuo.

Mei 1857 familia ya Blow, iliyowahi kummiliki Scott na sasa ikakabidhiwa tena umiliki wake, ilimwachia huru. Akafanya kazi ya upagazi hotelini, akafa kwa kifua kikuu Septemba 1858. Marekebisho ya 14, yaliyomfanya mtu kama yeye raia kwa kuzaliwa, yalipitishwa mwaka 1868.