Pangani na Wageni Wake: Mji Mtulivu Ukisubiri Barabara

Mgeni afikaye Pangani kwa mara ya kwanza huwa na jambo moja la kufanya kabla ya mengine yote, nalo ni kusubiri. Barabara itokayo Tanga, mwendo wa takriban kilomita 50, humfikisha ukingoni mwa mto, na kama safari yake ni ya Bweni, Ushongo au Mkwaja, hana budi kungoja kivuko. Katika kungoja huko ndipo mji humwonyesha sura yake. Atanunua dafu, atakunywa kahawa chungu kwa kashata, atauliza ile nyumba yenye mlango mrefu ni ya nani, na jua likianza kushuka atauliza pia wapi pa kulala. Sehemu kubwa ya fedha ambayo mgeni wa namna hii huiacha mjini, huiacha katika saa ambayo hakuipanga.

Saa hiyo inaelekea ukingoni. Daraja la Mto Pangani, lenye urefu wa mita 525, ni sehemu ya barabara ya lami ya kilomita 256 inayokusudiwa kuunganisha Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo. Hakuna mkazi mwenye akili timamu atakayetamani kivuko kibaki kwa ajili ya wauza madafu. Mama mjamzito anayetoka Mkwaja usiku wa manane, mkulima mwenye shehena ya nazi, mwanafunzi wa ng'ambo, wote wanaelewa thamani ya daraja kuliko mtu yeyote anayeandika habari zake. Hata hivyo gari lipitalo darajani halisubiri. Kwa hiyo yafaa wakazi wa kata zetu waelewe mapema mgeni huja Pangani kutafuta nini, hutumia huduma zipi, na sheria imeweka nini mikononi mwao.

Mji ulivyonyamaza

Pangani haikuwa kimya tangu mwanzo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka bara ilishuka hapa na pembe za ndovu pamoja na mateka, na kandokando ya mto palikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Ni hapa pia, mwezi wa Agosti 1888, ambapo watu wa mji waliikataa bendera ya kampuni ya Kijerumani, na upinzani ulioongozwa na Abushiri bin Salim ukaenea pwani nzima. Abushiri alinyongwa papa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Baada ya vita, mji ulishindwa kwa njia nyingine isiyo na bunduki. Mlango wa mto una fungu la mchanga ambalo meli kubwa haziwezi kulivuka, ilhali Tanga ina ghuba yenye kina. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, na biashara ya bara ikaifuata reli. Pangani ikabaki na mkonge, nazi, uvuvi na ofisi za serikali, ikiwamo forodha ambako Shaaban Robert aliwahi kuwa karani. Kilichounyamazisha mji, basi, ni njia iliyopita kwingine. Sasa njia inarudi, ila inarudi kwa namna ya kupita juu.

Ukimya huo ndio uliozihifadhi nyumba. Katika miji iliyotajirika haraka, nyumba za kale zilibomolewa kupisha maduka ya ghorofa. Hapa hazikuwa na mshindani. Mgeni anayekuja Pangani leo, ambaye mara nyingi ameshaona mbuga na Zanzibar na kuchoshwa na msongamano wake, huja kutembea mtaani bila kusukumwa, kuitazama Boma, nyumba ya enzi za Waomani ambayo Wajerumani waliigeuza kuwa ofisi ya utawala, kupanda mto kwa boti alasiri minazi ikiwa imetanda kila upande, kisha kula wali wa nazi na samaki. Haleti fedha nyingi kama mtalii wa mbugani. Analala usiku mmoja au miwili. Lakini fedha yake hupita katika mikono mingi: mwenye boti, mama lishe, bodaboda, mwenye nyumba ya wageni, fundi baiskeli.

Nyumba za mawe na milango yake

Jambo linalostahili kuelezwa kwa kirefu ni hali ya nyumba za mawe, kwa kuwa ndizo zinazomfanya mgeni asimame na ndizo zinazotutoka kwa kasi. Kuta zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na dari zikabebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliokata upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba.

Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje kupitia chokaa. Mwenye nyumba anapoona nyufa, kwa nia njema kabisa humwita fundi akapiga plasta ya saruji. Ukuta huonekana mgumu na safi, naye huridhika. Kumbe unyevu umefungiwa ndani. Hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, chumvi yake huganda ndani ya jiwe na kulimega, na ncha za boriti zilizochomekwa ukutani huanza kuoza. Baada ya masika kadhaa plasta hubanduka pamoja na vipande vya jiwe, na siku moja dari hushuka. Watu husema nyumba imekufa kwa uzee.

Mwenye nyumba ya mawe asiye na fedha nyingi na aanze na paa. Bati linalovuja na maji yanayotuama penye msingi huangusha nyumba nyingi kuliko miaka. Kisha, panapohitaji plasta, itumike chokaa. Mkoa wetu wa Tanga una mawe ya chokaa ya kutosha, na hakuna sababu ya kuchoma matumbawe ya baharini. Boriti za mikoko hazikatwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Ukarabati mkubwa unahitaji kibali cha ujenzi cha Halmashauri, na kwa jengo la kale mwenye nyumba aulize kwanza kama linalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo huyahesabu kuwa ya kale majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863.

Kuhusu milango sheria hiyo ina kifungu ambacho wakazi wengi hawajakisikia. Mlango au fremu ya mbao iliyochongwa nchini kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 ni kitu kinacholindwa. Hauuzwi kiholela, wala hautolewi nje ya nchi pasipo kibali. Dalali anayekuja asubuhi na bahasha, akisema mlango umeliwa na mchwa na kwamba atakuwekea mpya wa chuma juu ya bei, anamwingiza mwenye nyumba katika kosa analolijua yeye peke yake. Na hasara ya mtaa haiishii kwenye mlango. Kizingiti na mwimo vikishang'olewa, ukuta wa juu hukosa wa kuubeba.

Ufuko, diko na kasa

Upande wa kusini mwa mto, Ushongo imekwisha kujulikana na wageni kwa ufuko wake, na mbele yake baharini kuna Maziwe. Wazee wanakumbuka Maziwe ikiwa kisiwa chenye miti. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yanapojaa. Eneo hilo limetengwa kisheria tangu mwaka 1975, na anayelitembelea hulipa ada ya hifadhi ya bahari. Kwa kuwa viota vya kasa huko vingezama, mayai huhamishiwa Ushongo na kuangaliwa hadi yanapoanguliwa, takriban miezi miwili baadaye, na wapo wageni wanaofunga safari kwa sababu hiyo moja tu. Kasa aliye hai ufukweni, tukisema kwa lugha ya hesabu, hulipa mara nyingi. Wa chunguni hulipa mara moja, na pia humpeleka mpishi mahakamani.

Barabara ikikamilika, bei ya viwanja vya ufukweni itapanda, na hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Ni vyema mambo matatu yajulikane kabla mtu hajatia sahihi. Kwanza, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ukingo wa mto. Katazo hilo linamgusa mwenye hoteli na mwenye kibanda cha miti vilevile. Pili, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Sahihi ya mwenyekiti peke yake, hata ikiwa na muhuri, haitoshi. Tatu, asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji na kwa utaratibu wa serikali. Anayemtumia ndugu au rafiki kununua kwa jina lake anamwachia huyo ndugu mzigo wa kesi.

Katika mikutano ya aina hii jambo linalosahaulika mara kwa mara ni diko. Wavuvi hawana hati ya diko. Wana mazoea ya kutia nanga, kukausha nyavu na kuuza samaki mahali palepale walipofanya hivyo baba zao, na ramani ya kiwanja haionyeshi mazoea. Kama njia ya kwenda pwani na eneo la diko havikuandikwa katika muhtasari wa mkutano uliogawa ardhi, ukuta ukishajengwa itakuwa vigumu mno kuvidai.

Fedha ya mgeni inakokwenda

Mgeni anapolala, huandikwa katika kitabu cha wageni, na mwenye nyumba ya kulala wageni huwasilisha ushuru kwa Halmashauri. Wapo wanaouona ushuru huo kama fedha inayotoweka. Sheria imeagiza asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri itengwe kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Chumba kisichoandikwa kitabuni, kwa hiyo, hakiikoseshi fedha ofisi tu. Hukikosesha kikundi cha kina mama jiko la kupikia, na hukikosesha kikundi cha vijana injini ya boti. Maombi ya mikopo hiyo huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Kijana anayetaka kuongoza wageni asidhani kwamba kujua njia na maneno machache ya Kiingereza kunatosha. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka shughuli hiyo ifanywe kwa leseni. Mama lishe naye, pamoja na wahudumu wake, hupimwa afya, na Afisa Afya wa kata ndiye wa kuulizwa. Masharti haya huonekana mazito mpaka siku mgeni mmoja anapougua tumbo. Mji mdogo haufichi habari kama hiyo, na wageni huambiana.

Mengine ni ya adabu tu na hayahitaji sheria. Mgeni aelezwe kwa upole kwamba huu ni mji wa Waislamu kwa sehemu kubwa, kwamba mavazi ya ufukweni hubaki ufukweni, na kwamba mtu huombwa ruhusa kabla ya kupigwa picha. Mtoto asifundishwe kumkimbilia mgeni kuomba fedha, hasa saa za shule.

Mkutano Mkuu wa Kijiji hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake. Mwenye hoja kuhusu kiwanja cha pwani, njia ya diko au jengo la kale aifikishe kwa mtendaji wa kijiji au wa kata kabla ya siku ya mkutano ili iingizwe katika ajenda, na baada ya mkutano aombe kuuona muhtasari ukiwa umeandikwa yale yaliyokubaliwa.